Pale Kiswahili kinapochungulia kwenye karatasi ya Kiingereza

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hufanya karatasi tatu za Kiingereza zenye jumla ya alama 200: ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60. Ndani ya hizo, ufahamu una alama 20 na sarufi 15, zote katika karatasi ya pili, na kujaza mapengo kuna alama 10 katika karatasi ya kwanza. Hizo ni alama 45 ambazo haziulizi kama umesoma kitabu teule mara moja au mara nne, wala haziulizi kama una kipaji cha kutunga. Ndizo ambazo mazoezi ya kawaida huzipandisha haraka, na ndizo ambazo wanafunzi wengi wa Pwani, na yeyote anayewaza kwa Kiswahili, huzipoteza kwa makosa yaleyale mwaka nenda mwaka rudi.

Yaleyale, na hapo ndipo pa kushika. Ukisahihisha madaftari ya Kwale, kisha ya Lamu, kisha ya Mombasa mjini, unaanza kulijua kosa kabla hujafika kwenye mstari wenyewe. Mwanafunzi hakosei ovyo. Anakosea pale ambapo Kiswahili kina desturi yake na Kiingereza kina nyingine, na sehemu hizo si nyingi: ukizihesabu kwa ukarimu hazipiti 15. Kwa hiyo kufungua kitabu cha sarufi ukurasa wa kwanza na kukipiga hadi wa mwisho ni jasho jingi kwa faida ndogo. Nusu ya kitabu hicho mwanafunzi wa kidato cha tatu tayari anaijua. Nusu nyingine haimwingii kwa kusomwa, maana anayekosea hukubaliana na kanuni akiiona, kisha dakika tano baadaye mkono unaandika kama ulivyozoea.

Kwanza basi, sehemu zenyewe.

Kubwa kuliko zote ni -nge-. Tunasema "Ningejua, ningekuja," pande zote mbili zina -nge-, na sentensi imetulia. Mwanafunzi anauhamisha usawa huo mzimamzima na kuandika *If I would have known, I would have come*. Kiingereza kinataka pande hizo zitofautiane: *If I had known, I would have come*. Upande wenye *if* hauchukui *would*. Tena, katika mazungumzo yetu -nge- na -ngali- zimechanganyika, mtu husema "ningejua" kwa jambo la leo na kwa jambo la mwaka jana, ilhali Kiingereza hakikuachii. Jiulize kwanza: nafasi bado ipo au imeshapita? Ikiwa bado ipo, *If I knew, I would come*. Ikiwa imepita, *had known* na *would have come*. Zoezi lake ni rahisi: andika sentensi kumi za -nge- kuhusu maisha yako mwenyewe, zitie kwenye Kiingereza, kisha zungushia kila *would*. Ukiikuta mara mbili ndani ya sentensi moja, kosa limejitaja lenyewe. Watahini wanaipenda sehemu hii kwa sababu inageuzwa kirahisi: unapewa *If I had known* na kuambiwa uanze na *Had*. Jibu ni *Had I known, I would have come*. Wengi huandika *Had I knew*, wakisahau kwamba baada ya *had* kitenzi huja katika umbo lake la tatu: *known, gone, written, taken*.

La pili ni wakati ndani ya maneno yaliyoripotiwa. "Alisema atakuja." Kiswahili kinaiacha -ta- ilivyo, kana kwamba msemaji bado anasema. Kiingereza kinarudisha kila kitu nyuma hatua moja: *He said he would come*. "Alisema anaumwa" ni *He said he was ill*. Vivyo hivyo *tomorrow* inakuwa *the following day*, *here* inakuwa *there*, *this* inakuwa *that*. Kwenye maswali yaliyoripotiwa kuna mtego mwingine: "Aliniuliza ninakwenda wapi" huzaa *He asked me where was I going*, na alama ya kuulizia juu yake. Swali likisharipotiwa si swali tena. Mpangilio unarudi kuwa wa taarifa, *where I was going*, na mwisho ni nukta. Mtahiniwa aliyerudisha wakati vizuri lakini akaweka alama ya kuulizia amefanya kazi ngumu na kuanguka kwenye nyepesi.

Tena "ingawa ... lakini". Kwetu ni sawa kabisa: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda. Kiingereza kinaruhusu kiunganishi kimoja tu: *Although it rained, we went*, au *It rained, but we went*. *Despite* nayo haifuatwi na sentensi kamili, inafuatwa na nomino au kitenzi chenye *-ing*: *Despite the rain, we went*. Anayeandika *Despite it rained* amechukua kanuni ya *although* na kuivika neno lingine.

Kitabu "nilichokisoma" kinaleta *the book which I read it*. Ile -ki- ya pili, kiambishi cha mtendwa, ndiyo inayozaliwa upya kama *it*. Vivyo hivyo *the man whom I met him*. Ukishaandika *which* au *whom*, kitu chenyewe kimeshatajwa, usikirudie.

"Nimemwona jana" inasemwa kila siku na hakuna anayeshtuka. *I have seen him yesterday* haipiti. Ukitaja saa, siku au mwaka uliokwisha, *have* inaondoka: *I saw him yesterday*. Zoea kutafuta neno la wakati ndani ya sentensi kabla ya kuchagua kitenzi. *Since* na *for* na *already* mara nyingi huita *have*. *Yesterday*, *last week*, *in 2019*, *ago* huifukuza.

Kuna pia yale madogo yanayomaliza alama mojamoja. Kiambishi a- hakina jinsia, kwa hiyo mama anakuwa *he* kwenye mstari wa pili hata kwa mwanafunzi hodari, hasa anapoandika kwa haraka. "Kataa" inabeba *refuse*, *deny* na *reject* zote, hivyo tunapata *He refused that he had stolen* badala ya *denied*. "Azima" ni kuchukua na ni kutoa, hivyo *borrow me your pen*. Habari, mizigo na vyombo huzaa *informations*, *luggages* na *furnitures*, maneno matatu ambayo Kiingereza hakiyatii *s* kamwe. Hatusemi "kujadili kuhusu" kwa bahati mbaya, ndivyo tunavyosema, lakini *discuss* haichukui *about*, kama vile *emphasise* haichukui *on* na *comprise* haichukui *of*. Na *did not went*: wakati uliopita umeshabebwa na *did*, kitenzi kinabaki kitupu, *did not go*.

Maneno ya Kiingereza *a, an, the* hayana mwenzake katika Kiswahili, kwa hiyo hayawezi kukisiwa kwa kulinganisha. Kanuni ya *an* ni ya sauti, si ya herufi. *An hour*, kwa sababu *h* haisikiki. *A university*, kwa sababu inaanza kwa sauti ya *yu*. *An honest man, a European country*. Soma kwa sauti ndipo uandike.

Kisha kiulizo kidogo cha mwisho wa sentensi, maarufu kwa amri ya *add a question tag*. Sisi tuna "sivyo?" na "au siyo?", moja inatosha kila mahali, ndiyo maana *isn't it* inabandikwa hata kwenye *You went there, isn't it?* Kanuni ya msingi ni kwamba sentensi kanushi huchukua kiulizo yakinishi, na yakinishi huchukua kanushi, kwa kitenzi kisaidizi kilekile. Watahini hawatoi ya msingi. Wanatoa hizi: *I am late, aren't I? Let us go, shall we? Nobody came, did they? He used to smoke, didn't he? There were lions here, weren't there? She'd rather stay, wouldn't she?* Wanapenda pia sentensi zenye *few, little, hardly, seldom, rarely*, ambazo hazina *not* lakini kwa maana ni kanushi, hivyo kiulizo chake ni yakinishi: *He hardly eats meat, does he?* Mwanafunzi aliyezishika hizi saba au nane hatikisiki.

Kuandika upya sentensi

Sehemu ya sarufi huanza mara nyingi kwa amri ya kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana. Watu hudhani hapa pana mamia ya miundo. Ukikusanya karatasi za miaka iliyopita na kuzipanga, miundo hurudi: *not until, hardly, no sooner, only after, had, were, so ... that, such ... that, too ... to, would rather*, kauli ya kutendwa, na maneno yaliyoripotiwa. Ipange kwa muundo, si kwa mwaka. Mwanafunzi akifanya maswali sita ya *no sooner* mfululizo anauona mfupa wake. Akifanya moja mwezi huu na jingine mwezi ujao hauoni.

*No sooner* hufuatwa na *than*, na *hardly* hufuatwa na *when*. Kuchanganya hivi viwili ndilo kosa la kila darasa. Sababu ikieleweka hakuna haja ya kukariri: *sooner* ni neno la kulinganisha, kama *bigger* na *faster*, na ulinganisho katika Kiingereza huita *than*. *Hardly* haifanyi ulinganisho wowote. Kwa hiyo: *No sooner had the bell rung than the pupils ran out*, lakini *Hardly had the bell rung when the pupils ran out*.

Kwa *not until* na *only after*, kitenzi kisaidizi hupinduka mbele ya mtenda, lakini katika kishazi kipi? Wengi hupindua cha kwanza kwa sababu kiko karibu. Kinachopinduka ni kile kikuu, cha pili: *Only after the rain had stopped did we leave*. Soma tena sentensi yako. Ukikuta *only after had the rain stopped*, rudi.

Maagizo ya mwisho wa swali ni sehemu ya swali. Likisema anza na neno fulani, anza nalo kwa herufi kubwa. Likisema usitumie neno fulani, hata kama jibu lako ni Kiingereza safi, ukilitumia umekosa. Na usirekebishe kitu usichoombwa: ukibadilisha *the pupils* kuwa *the students* kwa kupenda kwako, umebadilisha sentensi.

Sehemu ya maumbo ya maneno ina wadhalimu wake wa kudumu, na karibu wote ni wa tahajia. *Pronounce* inazaa *pronunciation*, ile *o* ya pili inaanguka. *Maintain* inazaa *maintenance*. *Repeat* inazaa *repetition*. *Argue* inapoteza *e* na kuwa *argument*. *Mischief* inazaa *mischievous*, silabi tatu tu, si *mischievious*. Andika haya kwa mkono, si kwa simu, maana simu inakusahihishia kimyakimya na hutajua kama ulikosea.

Vitenzi vya maneno mawili au matatu, kama *put off, call off, turn down, put up with, look into*, hujifunzwa kwa sentensi, vitano kwa wiki vinatosha. Kinachoangusha si maana. Swali linakupa *The principal cancelled the meeting* na kutaka utumie *call*. Mwanafunzi anajua ni *call off*, anaandika *call off*, anakosa. *Cancelled* ilikuwa katika wakati uliopita, kwa hiyo jibu nalo ni *called off*.

Ufahamu

Hapa tutumie kifungu kidogo, kifupi kuliko cha mtihani, lakini chenye mitego ileile:

*By the time the elders noticed that the catch had dwindled, half of the creek had been stripped of its mangroves. The young men, who had long regarded the trees as nothing but poles and firewood, were reluctant to listen. It was not until the first high tide crept into the kitchens that the village called a meeting. Even then, few admitted that they had ever held an axe.*

Walimu hubishana kama mwanafunzi aanze na maswali au na kifungu. Mimi niko upande wa kifungu. Anayeanza na maswali huingia kuwinda maneno: akiona *meeting* kwenye swali anatafuta *meeting* kwenye kifungu na kunakili jirani zake. Hilo linafaa kwa swali la alama moja. Kwa swali la msimamo wa mwandishi au la kejeli halifai, kwa sababu jibu lake limetawanyika na halina neno la kuwinda. Soma mara ya kwanza bila kalamu, mfululizo. Kisha soma maswali yote. Kisha rudi kwenye kifungu na penseli, uandike namba ya swali pembeni pale unapodhani jibu lake liko. Jibu baadaye.

Swali la kwanza: *What made the village call a meeting?* Alama 1. Jibu la kawaida ni kunakili sentensi nzima, *It was not until the first high tide crept into the kitchens that the village called a meeting*. Ukweli umo ndani, lakini sentensi hiyo inajibu lini, si nini. *Sea water had entered the kitchens* inatosha. Kunakili si dhambi ikiwa ulichonakili ndicho jibu na hakuna kingine. Shida ni kwamba anayenakili mstari mzima anamwachia mtahini kazi ya kuchagua, na mtahini hana kazi hiyo.

La pili: *In note form, state two effects of cutting the mangroves.* Alama 2. Kuna mawili: samaki wamepungua na maji yanaingia nyumbani. Kwa muundo wa nukta:

– fewer fish caught
– sea water entering homes

Ukiyaandika kwa sentensi kamili, unajipotezea alama. Na wengine huruka hadi upande wa pili, wanaandika *fish* na *tide* peke yake. Nukta lazima ibebe maana. *Fish* si athari. Kumbuka pia kwamba swali limetaka mbili. Anayeandika nne akitumaini mbili zitaangukia sahihi, asitegemee kwamba mtahini atazichambua amchagulie nzuri.

La tatu: *What is the attitude of the young men towards the trees?* Alama 2. Alama mbili maana yake mara nyingi ni moja ya jina la msimamo na moja ya ushahidi. *Dismissive*, au *indifferent*, kisha: *they see them only as poles and firewood*. Wanafunzi huandika *bad attitude* au *negative*, na hapo ndipo upungufu wa msamiati unapoonekana. Weka orodha ya maneno kama 20 ya msimamo na hisia, kila moja na sentensi yake: *critical, sarcastic, sympathetic, resentful, admiring, sceptical, bitter, optimistic*. Orodha hiyo itakusaidia pia kwenye shairi.

La nne: eleza maana ya *stripped* na *dwindled* kama yalivyotumika. Aliyekariri kamusi ataandika kwamba *stripped* ni kuvua nguo. Mkono wa bahari hauvuliwi nguo. Hapa ni *cleared*. *Dwindled* ni *reduced*, na si *to reduce* wala *reduction*. Kipimo hakikosei: futa neno la kifungu, weka jibu lako mahali pake, soma sentensi. *The catch had reduced* inakaa. *The catch had reduction* haikai. Jibu liwe aina moja na neno lililoulizwa, na wakati uleule. Kwa mazoezi, kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi inakufaa kuliko ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa sababu mtihani unataka maelezo kwa Kiingereza na ile ya kwanza tayari inayatoa.

La tano: andika upya sentensi ya tatu ukianza na *Not until*. Sasa unaliona lilikotoka: *Not until the first high tide crept into the kitchens did the village call a meeting*. Angalia *called* ilivyovuliwa *-ed* baada ya *did* kuingia. Na ukiambiwa utie kiulizo kwenye *Few admitted it*, ni *did they?*

Swali la ufupisho lenye ukomo wa maneno, tuseme 40, lina njia yake. Orodhesha hoja kwanza pembeni, kwa nukta. Ziunganishe kwa sentensi mbili au tatu. Hesabu maneno, andika hesabu chini. Ukizidi, toa mifano na vivumishi kabla ya kugusa hoja. Usiache hoja ya mwisho iangukie nje ya ukomo.

Mapengo

Kifungu cha mapengo kina nafasi 10, neno moja kwa kila nafasi. Maneno mawili, hata yakiwa mazuri, hayapati kitu, na neno lililokosewa tahajia halina tofauti na lisilo sahihi. Soma kifungu chote kabla ya kuandika herufi. Mapengo mengi yanadai maneno madogo: *the, of, whose, such, however, yet, been*. Anayetafuta msamiati mkubwa anapotea. Tazama neno la kabla ya pengo na la baada yake, lakini kwa viunganishi soma pia sentensi inayofuata, kwa maana huwezi kujua kama ni *however* au *therefore* mpaka ujue sentensi hiyo inapinga au inakubali. Pengo likianzisha sentensi, herufi kubwa.

Huhitaji kununua vitabu vya mapengo. Chukua aya ya gazeti la Kiingereza yenye maneno kama 150. Iache sentensi ya kwanza kamili. Funika maneno 10: vihusishi vitatu, viunganishi viwili, neno moja kati ya *a, an, the*, vitenzi visaidizi viwili, kiwakilishi kimoja na nomino moja inayoweza kukisiwa. Iweke kando siku mbili usahau, kisha ijaze. Wanafunzi wawili wakitengenezeana ni bora zaidi, maana anayefunika maneno anajifunza sarufi kuliko anayeyajaza.

Daftari na saa

Kinachotenganisha anayepanda na anayebaki palepale ni anachofanya baada ya kusahihishiwa. Wengi hunakili jibu sahihi kwa kalamu nyekundu na kufunga daftari. Gawa ukurasa nguzo tatu: nilichoandika, kinachotakiwa, sababu. Nguzo ya tatu ndiyo yenye kazi. Ikiwa huwezi kuandika sababu kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili, bado hujalielewa, muulize mwalimu. Baada ya wiki, funika nguzo mbili za mwisho na urekebishe ya kwanza upya. Ulilolipata mara mbili, lifute. Lililobaki ndilo somo lako.

Jihadhari na karatasi za majaribio zinazouzwa na majibu yanayozunguka kwenye simu. Baadhi zina makosa ya wazi, na swali lililotungwa vibaya lenye majibu matatu yanayowezekana humvuruga mwanafunzi mzuri kuliko dhaifu. Mitihani halisi ya Baraza la Mitihani la Kenya ya miaka iliyopita, ikifanywa kwa saa na kusahihishwa na mwalimu, inatosha.

Karatasi ya pili ni dakika 150 kwa alama 80, yaani karibu dakika mbili kwa alama. Ufahamu dakika 35, sarufi 20, kitabu teule 45, shairi au simulizi 38, na 12 za kupitia. Sarufi iko mwishoni mwa karatasi na ndiyo maana wengi huifikia wakiwa wamechoka, saa imekwisha. Majibu yanaandikwa kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya karatasi yenyewe, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuifanya mara tu baada ya ufahamu. Ni alama 15 za majibu mafupi, zisubirishwe za nini?

Dakika zile 12 usizitumie kusoma upya kila kitu. Pita ukitafuta vitu vinne tu: *he* na *she*, *-s* ya kitenzi cha *he*, *she* au *it* katika wakati uliopo, kitenzi baada ya *did* na *had*, na herufi kubwa. Pengo uliloliacha wazi, jaza kwa kukisia. Sifuri utakayopata kwa kukosea ni ileile ungeipata kwa kuliacha.